Moyo wa Mbung'o

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kupasua mbung'o. Niliianza mwanzoni mwa miaka ya tisini, hapo Mpanda mjini, enzi hizo Mpanda ni wilaya ya mkoa wa Rukwa na mtu akitaja Katavi unajua anazungumzia mbuga ya wanyama. Ofisi yetu ilikuwa na vyumba vitatu na darubini mbili, moja lenzi yake ina ukungu. Kila wiki gari lilirudi kutoka porini likiwa na vizimba vidogo vya wavu vilivyojaa mbung'o walionaswa kwenye mitego ya kitambaa cha bluu na cheusi. Ilibidi wafike hai, maana mbung'o aliyekufa hukauka upesi na hasomeki tena. Niliwatoa mmoja mmoja, nikawakata mabawa na miguu, nikawalaza kwenye kioo juu ya tone la maji ya chumvi, kisha kwa sindano mbili nyembamba nikawafungua.

Tulikuwa tunatafuta vimelea sehemu tatu: mdomoni, kwenye utumbo, na kwenye tezi za mate. Wakiwa mdomoni peke yake, au mdomoni na tumboni, ni wale wa nagana, wanaomaliza ng'ombe. Wakionekana hadi kwenye tezi za mate, hao ni wa ukoo mwingine, na katika ukoo huo yumo anayeleta malale kwa watu.

Aliyenifundisha alikuwa mfawidhi wa ofisi, mwanamume mfupi aliyekaribia kustaafu, mkali wa maneno, mwenye kikohozi cha sigara. Hakuwa na subira ya kufundisha. Alikuonyesha kitu mara moja. Ukikosea, anakunyang'anya sindano. Lakini wiki yangu ya kwanza alileta sinia la bati, akaliweka mezani. Ndani yake alikuwa amepanga nyungunyungu, kambale mdogo, chura, na kuku aliyechinjwa asubuhi ile kwa ajili ya chakula chetu cha mchana.

“Umesoma Biolojia?” akaniuliza.

“Ndiyo, mpaka kidato cha nne.”

“Basi leo tunaisoma kwa wembe. Ukijua damu inapita wapi, utajua na vimelea wanapita wapi. Hayo mengine utajifunza taratibu.”

Akaanza na nyungunyungu. Alimchana mgongoni, akanionyesha mshipa mwekundu unaokimbia toka kichwani hadi mkiani, na karibu na kichwa mishipa mingine iliyozunguka koo kama bangili, ikijiminya na kuachia. “Hiyo ndiyo mioyo yake,” akasema. “Mdudu wa kula udongo, lakini damu yake ina barabara. Haimwagiki ovyo.”

Moyo wa kambale ulikuwa kooni, nyuma tu ya matamvua, wenye vyumba viwili: kimoja kinapokea, kingine kinasukuma. Damu inatoka hapo, inapita kwenye matamvua kuchukua hewa, kisha inaendelea moja kwa moja mwilini bila kurudi moyoni kuongezewa nguvu. Ikifika mkiani, alisema, inakuwa imechoka. Chura alikuwa na vyumba vitatu. Damu iliyotoka mapafuni na damu iliyotoka mwilini zinakutana kwenye chumba kimoja na kuchanganyika kiasi, na chura anaridhika, maana anavuta hewa hata kwa ngozi. Kuku alikuwa na vyumba vinne, na ukuta mnene katikati. “Kama wewe na mimi,” akasema. “Damu safi huku, damu chafu kule. Hazionani.”

Kisha akaniwekea mbung'o mmoja chini ya darubini. “Haya, nionyeshe mishipa yake.”

Nilitafuta mpaka macho yakaanza kutoa machozi. Nilivuta utumbo, nikavuta nyuzi za tezi, nikageuza huku na huku. Yeye alikuwa dirishani anavuta sigara.

“Siioni,” nikasema.

“Huwezi kuiona. Hana.”

Mbung'o, alinieleza, ana mrija mmoja tu mgongoni. Huo ndio moyo. Una vitundu ubavuni, unanyonya damu kupitia hivyo vitundu, unaisukuma mbele hadi kichwani, na hapo inamwagwa. Basi. Inarudi nyuma yenyewe, ikielea katikati ya utumbo na misuli, mpaka mrija uinyonye tena. Kila kiungo cha mbung'o kimezama kwenye damu kama nyama kwenye mchuzi. Wala hiyo damu haibebi hewa. Hewa inaingia kwa mirija yake yenyewe kutoka ubavuni.

“Mbona mimi nikimponda anatoka damu nyekundu?”

“Hiyo ni ya kwako,” akasema. “Ya kwake haina rangi.”

*

Kaka yangu alikuwa mrina asali. Alinizidi miaka tisa. Wazazi wetu walifariki tungali Karema, yeye kijana, mimi nikiwa darasa la pili, na ni yeye aliyenileta Mpanda na kunisomesha kwa asali aliyoitoa porini kwa baiskeli, ndoo mbili nyuma na moja mbele. Alioa, akajenga Shanwe nyumba ya tofali za kuchoma, wakapata mtoto mmoja wa kike. Mimi nilipanga chumba karibu na ofisi, lakini kila Jumapili baada ya kanisa nilikula kwao.

Mizinga yake ya magome ilikuwa mbali, ng'ambo ya mto, mwendo wa siku nzima kwa baiskeli. Alikaa kambini wiki tatu, nne, anarudi ananuka moshi, mikono imevimba, anacheka. Alikuwa mtu wa kucheka. Kazi yangu ilimfurahisha sana. Akifika tu mlangoni anauliza, “Mtaalamu, leo umeua wangapi?”

Mwaka wangu wa tatu kazini, kiangazi kikiwa kikali, kililetwa kizimba kutoka ng'ambo ya ule mto. Nilisoma kibandiko nikajua ni kwenye msitu wa kaka. Sikuwaza kitu, mbung'o walitoka kila mahali. Siku hiyo nilipasua wengi, na karibu na saa sita mchana nikavuta tezi za mate za mmoja wao. Kwa kawaida huwa nyuzi mbili nyeupe zinazong'aa kama uzi wa nailoni. Hizi zilikuwa zimejaa, zinatetemeka ndani kama maji yanayotaka kuchemka.

Nilimwita mfawidhi. Aliangalia muda mrefu.

“Andika,” akasema. “Mdomo, tumbo, tezi. Zote tatu.”

“Ni wale wa watu?”

“Darubini haisemi. Anaweza kuwa wa wanyama, anaweza kuwa wa watu. Kwa macho ni ndugu mapacha. Andika, nitapeleka ripoti.”

Nikaandika. Ripoti ilikwenda, na mimi nikaendelea na kizimba.

Jumapili iliyofuata nilimwambia kaka. Nimeirudia Jumapili hiyo kichwani mara nyingi kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yangu, kwa hiyo naijua vizuri. Wifi yangu alikuwa kisimani. Mimi nilikuwa namenya viazi vitamu, kaka anafunga tairi la baiskeli. Nilimwambia kama mtu anavyosimulia habari za kazini.

“Juzi nimepata mbung'o mbaya kutoka kwenye pori lako. Ana vimelea mpaka kwenye mate.”

“Wa malale?”

“Inawezekana. Haijulikani. Ungepumzika kwanza, hata mwezi.”

“Dada, mimi nimeumwa na mbung'o tangu sijaota ndevu. Wangekuwa wa kuniua wangeniua zamani. Na mizinga imejaa, nikichelewa siku kumi nyuki wanaila wenyewe.”

“Basi vaa nguo nzito.”

“Nitavaa koti la harusi,” akasema, tukacheka.

Nikamaliza viazi. Wifi akarudi na ndoo yake, tukahamia kwenye mazungumzo mengine. Kesho yake kaka akaondoka.

*

Alirudi mvua za kwanza zikiwa zimeanza, ana homa. Nyuma ya bega alikuwa na kidonda kilichovimba, chekundu, kisicho na usaha, naye akasema ni nyuki. Alikunywa dawa za malaria, homa ikashuka, akapanda baiskeli kwenda kulima. Baada ya wiki mbili homa ikarudi. Akanywa tena, ikashuka tena. Watu wote tuliomfahamu walikuwa na homa mwezi ule, na mimi mwenyewe nilikuwa nayo. Nilimtazama kila Jumapili akiwa amekonda kidogo zaidi, nikamwambia ale vizuri.

Sijui kwa nini sikuona. Nilishinda kutwa nzima nikitafuta kitu hicho hicho ndani ya inzi, na mtu mwenye nacho alikuwa ananipakulia mboga.

Aliyeona ni wifi yangu. Alikuja ofisini asubuhi moja, mtoto mgongoni, khanga imelowa mvua. Hakuwahi kuja pale. Alisimama mlangoni akakataa kukaa.

“Wifi, kaka yako jana amelala na tonge mkononi.”

“Amechoka, labda.”

“Sio kuchoka. Ameshika tonge, amelichovya, halafu amelala, mchuzi unamtiririka kwenye kiwiko. Nikamwamsha, akanitukana. Kaka yako, wifi. Amenitukana tusi ambalo siwezi kulitamka. Halafu akalala tena.” Akaanza kulia. “Usiku hafumbi macho, anazunguka uani. Mchana ndiyo analala. Jirani anasema tumtafutie mganga.”

Nilichukua vioo viwili, sindano ya kutobolea na pamba, nikatoka naye. Kaka alikuwa amekaa kwenye kigoda upenuni, kidevu kifuani. Nilipomshika mkono alifumbua macho akanitazama kwa muda kabla ya kunitambua.

“Ah, mtaalamu,” akasema polepole, ulimi mzito. “Umehamia kwa watu sasa?”

Damu yake ilitoka kwa urahisi. Niliifunika kwa kioo kingine chembamba nikaibeba hivyo hivyo mbichi hadi ofisini, nikitembea upesi na kuikinga na mvua kwa kiganja.

Chini ya darubini, chembe nyekundu za damu ya mtu huwa zimetulia, zimeegemeana. Hizi zilikuwa zinasukumwa. Kundi moja linatikisika hapa, linatulia. Jingine linatikisika pale. Nilifuata mtikisiko mpaka nikamwona: mwembamba, ana mkia, anajipinda kama anayejichomoa kwenye nguo iliyombana. Kisha nikaona mwingine. Sikuhitaji kutafuta. Walikuwa wengi kuliko niliowahi kuona kwa mbung'o yeyote.

Mfawidhi aliinama akaangalia. “Wa nani hawa?”

“Wa kaka yangu.”

Alizima taa ya darubini, akachukua funguo za gari kwenye msumari, na yeye mwenyewe akatupeleka hospitali.

*

Daktari aliyetupokea alikuwa kijana, mtulivu, aliyewahi kutibu malale kabla hajahamia kwetu. Alimlaza kaka kwa ubavu, magoti kifuani, akatoa maji kwenye uti wa mgongo. Alirudi na majibu akaniita nje.

“Wametoka kwenye damu, wameingia kwenye maji ya ubongo,” akasema. “Wewe unafanya kazi na mbung'o, kwa hiyo sitakuficha. Kuna dawa ya kwanza, inasafisha damu lakini haivuki kwenda kichwani. Na kuna ya pili, inavuka. Hiyo ya pili ina sumu ya arseniki. Wengi wanapona nayo. Sio wote.”

“Tusipompa?”

“Hakuna anayepona bila hiyo.”

Alianza na ile ya kwanza. Baada ya siku chache kaka aliamka kama aliyefunguliwa kamba. Alikula. Alimwomba wifi msamaha kwa matusi ambayo hakuyakumbuka, na wifi akacheka na kulia kwa pamoja. Siku hizo chache kabla ya dawa ya pili ndizo nzuri za mwisho tulizokuwa naye. Nilikuwa naenda wodini kila mchana nikitoka kazini, nakaa kwenye ukingo wa kitanda, na kwa kuwa alikuwa na akili zake zote na hana la kufanya, alinihoji.

“Hebu nieleze. Mbung'o kaniuma begani. Hawa wadudu wamefikaje kichwani?”

“Kwa damu. Kwanza walikaa pale kwenye kidonda, halafu wakaingia kwenye mishipa. Ukishaingia kwenye mshipa wa mtu, dakika haiishi umezunguka mwili mzima.”

“Na kwa mbung'o mwenyewe?”

Nikamsimulia lile sinia la bati, na mrija wa mgongoni, na damu inayomwagika ndani kama mchuzi. Alisikiliza huku amekunja uso.

“Na nyuki ni hivyo hivyo?”

“Hivyo hivyo.”

“Ndiyo maana ukimponda anatoka maji.” Akafikiri. “Mimi nimepasua wanyama wengi kuliko wewe, lakini sikuwahi kujiuliza. Moyo wa samaki nilijua uko kooni, mama alikuwa anautoa pamoja na matamvua. Lakini mamba je? Kuna mwaka mamba walikwama kwenye dimbwi, mto umekauka, askari wa wanyamapori wakamuua mmoja aliyekuwa anakamata watu. Wakamchana. Moyo wakautupa juu ya majani. Dada, ulipiga. Tumekula, tumenawa mikono, bado unapiga. Kuna mtu mzima alikimbia.”

“Mamba ana vyumba vinne kama sisi,” nikamwambia. “Ila ana njia moja ya ziada. Akizama, anaifungua, damu inaacha kwenda mapafuni, inazunguka mwilini tu. Ndiyo maana anakaa chini ya maji muda mrefu.”

“Na sisi?”

“Sisi hatuna hiyo njia.”

“Kwa hiyo mimi siwezi kuwaambia hawa wadudu, nyie msipite huku, piteni kule.”

“Huwezi.”

“Mamba kanizidi,” akasema.

Siku nyingine aliniuliza kama nakumbuka vile vitu vya ziwani Karema. Nilikumbuka. Tulipokuwa wadogo, siku ziwa likiwa shwari, vilikuja karibu na ufukwe: vitu vya duara kama vifuniko vya ute, ukubwa wa sarafu, vina nyuzi pembeni, vinajifunga na kujifungua. Tulivichota kwa kikombe cha bati. Ukitazama huoni kitu, unaona sehemu ya chini ya kikombe. Watoto tuliocheza nao hawakuwa na jina lake.

“Vile navyo vina moyo?”

“Havina. Wala damu. Maji ya ziwa yanaingia mdomoni, yanapita ndani yanagawa chakula, yanatokea pale pale yalipoingilia.”

Mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa anakohoa.

“Hakuna mshipa hata mmoja?”

“Hata mmoja.”

“Basi hakuna pa kumchoma sindano,” akasema, akacheka mpaka muuguzi akageuka kututazama. Nilifurahi kwamba nimemchekesha. Nilikwenda nyumbani nikiwa nimefurahi.

*

Dawa ya pili ililetwa na bomba la sindano la kioo, kwa sababu dawa ile inayeyusha plastiki. Daktari alituonyesha jinsi bomba linavyokaushwa, kwani hata tone la maji linaiharibu. Akasema iingie ndani ya mshipa tu, taratibu, na ikivuja pembeni inaunguza nyama. Aliniomba nimshike kaka mkono, wifi akashika mwingine.

Mishipa ya kaka ilikuwa imezama. Mikono iliyokuwa inabeba ndoo za asali ilikuwa imebaki mifupa na ngozi, na bado mishipa haikuonekana. Daktari alifunga mpira, akapigapiga kwa vidole, akasubiri. Alipoupata mmoja akasukuma dawa polepole sana. Nilikuwa naangalia uso wa kaka. Kabla bomba halijafika nusu, alikohoa, akageuza kichwa.

“Naisikia mdomoni,” akasema. “Kama chuma.”

Ndivyo inavyokwenda damu ya mtu. Kutoka kwenye kiwiko hadi moyoni, mapafuni, moyoni tena, kichwani, kila mahali, kwa muda wa kuvuta pumzi chache. Nilikuwa nimeisoma, nimeifundisha kwa vibarua wapya, hata nilikuwa nimeisifu, kwamba tumeumbwa vizuri kuliko inzi. Sikuwa nimefikiri kwamba njia nzuri haichagui inachobeba.

Siku ya pili alipochomwa alisema ni moto unapita kwenye mfupa. Siku ya tatu dawa kidogo ilivuja. Mkono ukavimba hadi begani, naye akauma shuka bila kutoa sauti. Daktari alimpa siku za kupumzika kabla ya awamu nyingine. Kwenye siku hizo za mapumziko alikuwa mwepesi kidogo. Alimuuliza wifi kama paa limevuja. Alitaka kujua nani anaangalia mizinga.

Siku ya nne ya mapumziko, asubuhi, nilikuta watu wamekizunguka kitanda chake. Alikuwa na degedege. Muuguzi alikuwa amemlaza ubavu na kumwekea kitambaa kati ya meno, daktari anatafuta mshipa kwenye mguu kwa sababu mikono ilikuwa imekwisha. Wifi alikuwa amesimama ukutani na bakuli la uji, hajui aliweke wapi. Nililichukua nikaliweka dirishani.

“Ni ugonjwa?” nikamuuliza daktari baadaye.

“Dawa imewaua wengi kwa mpigo, na ubongo umevimba. Au ni dawa yenyewe. Kwa hapa siwezi kutenganisha.” Alikuwa amechoka sana. “Nimempa ninachoweza kumpa.”

Kaka alikaa siku tatu bila fahamu. Nilikaa naye mchana, nimemshika kifundo cha mkono. Mapigo yalikuwa yanakwenda. Hayakuwa na habari kwamba kichwa kimezima. Nilihesabu mpaka mia, nikaanza tena, nikahesabu. Siku ya tatu, adhuhuri, mhudumu akipiga deki wodini na kutuomba tuinue miguu, mapigo yakawa madogo, yakaruka, yakarudi, yakaruka. Niliendelea kukishika kile kifundo muda mrefu baada ya kutokuwa na kitu ndani yake. Wifi ndiye aliyeniambia, “Mwache sasa, wifi. Mwache.”

*

Tulimzika Shanwe. Ndugu walitoka Karema, wengine walifika maziko yamekwisha. Jioni shangazi yetu, dada wa baba, alikaa mkekani pembeni yangu akiwa ameshika tasbihi ya rozari, akaniuliza mbele ya watu, bila ukali, kama mtu anayetaka tu kuelewa:

“Wewe si ndiye unayefanya kazi na hao wadudu? Hukumwona kaka yako?”

Nilisema sikumwona. Akatikisa kichwa, akaendelea na rozari yake.

Baada ya matanga nilimweleza wifi kuhusu ile tezi. Nilikuwa siwezi kula chakula chake huku nimekaa na jambo lile. Alikuwa anakunja nguo za kaka, anazipanga kwenye sanduku.

“Ulimwambia yeye?”

“Nilimwambia. Ile Jumapili uliyokuwa kisimani.”

“Akasemaje?”

“Akacheka. Akasema mizinga imejaa.”

Alikunja shati moja, akalifungua, akalikunja upya. “Ungeniambia mimi,” akasema. “Yeye ungemwambia nini akusikie? Ungeniambia mimi, ningekaa juu ya ile baiskeli.”

Hakuniambia zaidi ya hapo, siku ile wala siku nyingine. Mwezi wa pili baada ya msiba alipanda treni kwenda kwao Tabora na mtoto. Nilimsindikiza stesheni, tukapeana mkono kama watu waliosali kanisa moja. Aliandika barua mbili. Ya pili nilichelewa kuijibu, na baada ya hapo nikaona aibu, basi yakaisha hivyo.

Niliomba kuacha kazi. Mfawidhi aliipokea barua yangu, akaikunja, akaiweka mfukoni. “Daktari ametuma ujumbe,” akasema. “Anataka mtu wa darubini aende kwenye kambi za warina asali, apime kila mmoja. Mimi macho yangu hayawezi tena. Nenda ukapime kwanza, ukirudi nitaisoma barua yako.”

Tulikwenda siku tano, mimi na dereva na muuguzi mmoja. Kambi ya kwanza hatukupata kitu. Ya pili tulimpata mzee aliyekuwa na homa za kuja na kuondoka. Vimelea walikuwa bado kwenye damu tu, na kwa dawa ile ya kwanza peke yake akapona. Niliwahi kumwona sokoni miaka iliyofuata, amenenepa, naye hakunikumbuka.

Kambi ya tatu walikuwepo wanaume sita na mwanamke mmoja aliyekuwa anawapikia. Wanaume walijipanga. Yeye alibaki mekoni, mikono nyuma.

“Mimi siumwi,” akasema.

“Najua, mama. Ni tone moja tu.”

“Tone mnalipeleka wapi?”

“Hapa hapa. Nalitazama hapa, unaniona.”

“Mnachukua damu za watu porini, halafu hatuoni mkirudi. Wewe binti, nani kakutuma?”

Nilitaka kusema daktari, au serikali. Nilikuwa nimechoka, miguu imejaa miiba, na mbung'o walikuwa wanatua kwenye mgongo wa dereva mmoja baada ya mwingine.

“Kaka yangu alikuwa anarina asali kule ng'ambo ya mto,” nikasema. “Amekufa kwa malale mwaka huu.”

Mwanamke alinitazama. Aliinjika sufuria vizuri, akajifuta mikono kwenye kitenge, akaja akakaa kwenye gogo mbele yangu na kunyoosha kidole. Kilikuwa kigumu kwa kazi ya moto. Ilibidi nitoboe mara mbili kabla damu haijatoka.